Kirusi Punda na Nguruwe Aliyenadiwa Mara Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, blenda na ombi. Kitenge nimeshashona. Blenda mume wangu anaiogopa, anasema ina kelele, nami namwambia hajawahi kukaa chumba kimoja na sentrifuji yetu ya zamani, ile mashine ya kuzungushia damu iliyokuwa ikitembea yenyewe mezani mpaka tuishike mabega kama mlevi. Limebaki ombi: niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili ninyi wadogo zangu mlioikuta maabara ina vigae na glavu za saizi zenu mjue wengine tulipita wapi. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu. Nitaandika zaidi habari za nguruwe mmoja, kwa sababu katika miaka yangu yote hakuna bosi wala mashine iliyonihangaisha na kunifurahisha kama yeye.

Siku ya kwanza niliingia kazini na viatu vya kisigino. Nilikuwa binti wa Igamba, nimekulia kwenye kahawa na mahindi, nimetoka chuo, na mama yangu alikuwa amenishonea sketi ya kazi isiyoruhusu hatua ndefu. Maabara ya mifugo ilikuwa kijumba upande wa Ruanda, hii yetu ya Mbozi, na dirisha lake moja lilifungwa kwa msumari. Mlangoni alisimama Mzee Silwimba, fundi sanifu aliyekuwepo kabla ya wote, amevaa koti jeupe lililokuwa limeshasahau weupe. Alinitazama kuanzia chini.

"Binti, umekuja kazini au umekuja kuposwa?"

"Kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua hivyo. Wateja wetu wana kwato, na hata wao hawaji na visigino."

Akanipa gambuti zake za akiba. Kila nilipogeuka, miguu iligeuka kwanza, gambuti zikafuata baadaye. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Mzee Silwimba alizinusa moja moja, na ikiwa na harufu ya sabuni hata kidogo alinirudishia bila kusema neno. Nilidhani ananionea, mpaka siku aliponiruhusu kulea seli, zile chembe hai tunazozikuza ndani ya chupa kwa maji ya lishe na joto. Nilizipoteza zote kwa sababu ya chupa moja yenye sabuni.

"Seli ni kama mkwe," aliniambia. "Ukimkosea hakwambii. Ananyamaza tu, halafu unasikia ameshaondoka."

Nimefundishwa na watu wengi wenye shahada ndefu, lakini hilo ndilo somo nililolitumia kila siku mpaka nastaafu.

Miaka ikapita kwenye kinyesi cha ng'ombe na damu ya mbuzi, mpaka akaja Dokta Kibona. Alikuwa mtoto wa milima ya Ileje, mwana wa mzee wa kanisa, amesoma mbali akarudi na miwani minene na heshima zake zote. Kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mbele ya mchungaji yeyote aligeuka mtoto wa darasa la kwanza. Kumbukeni hilo, maana lilitugharimu.

Dokta alikuja na kazi ya homa ya nguruwe, ile inayoingia zizini leo na wiki ijayo unabaki na banda na ndoo ya pumba. Kirusi chake kina maringo. Hakikubali kukua kwenye seli za kawaida za maabara, kinataka seli mbichi za damu ya nguruwe, nazo hazikai. Hata kingekubali, nani angeturuhusu kukiingiza kikiwa kizima kwenye nyumba yenye dirisha la msumari? Dokta akatueleza njia ya kuzunguka.

"Tunachukua jeni moja tu ya kirusi hiki kibaya. Moja haiwezi kuua hata kifaranga. Inapakiwa kwenye kirusi kingine, cha mafua, kilichoondolewa uwezo wa kuzaana. Hicho kinaingia kwenye seli zetu za kawaida, kinashusha mzigo, basi. Seli inaisoma ile jeni na kutengeneza protini yake, na sisi tunapata kuiona inavyofanya kazi."

Mzee Silwimba, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alikuna kidevu. "Yaani ni punda wa mzigo."

"Ndiyo, mzee."

"Aliyehasiwa."

Dokta alivua miwani akaifuta. "Kitaalamu tunasema..."

"Aliyehasiwa," alirudia Mzee Silwimba, na tangu siku hiyo maabara nzima tulikiita kirusi punda. Naona hata ninyi mnakiita hivyo. Sasa mmejua kilikotoka.

Ili kazi ikamilike tulihitaji kitu kimoja zaidi: damu ya nguruwe aliyeugua homa ile akapona. Damu ya namna hiyo ina kingamwili, askari wa mwili, wanaomjua adui kwa sura. Ukizimwagia seli zilizoshushiwa mzigo, askari hao hushika protini wanayoitambua, na kwa rangi maalumu hapo huwaka kijani kwenye hadubini. Protini wasiyoijua inabaki giza. Kwa hiyo, ukizijaribu jeni za kirusi moja baada ya nyingine, ungejua ni ipi hasa mwili wa nguruwe uliishtukia. Shida ni kwamba nguruwe wa kupona walikuwa adimu, wengi hawakutupa nafasi ya kuwahoji.

Homa ilipopita Igamba ilifagia mazizi. Kwa Bibi Foibe, mjane wa kwaya ya akina mama, walikufa wote isipokuwa jike mmoja mwenye baka jeusi jichoni. Huyo aliugua, akalala, kila mtu akajua basi, kisha asubuhi moja akasimama akadai pumba. Bibi Foibe alimwita Shukrani. Jirani yake, Mama Sikitu, zizi lake lilibaki tupu, na machungu yakitafuta pa kukaa huwa hayaendi mbali. Akaanza kusema kwamba Bibi Foibe anatembea usiku, kwamba amewatoa kafara nguruwe wa kijiji kizima ili wake abaki.

"Lisemwalo lipo," alisema kisimani. "Kama halipo, laja."

Kwetu ukitaka kujua kama mtu anadhaniwa mchawi, usisikilize maneno. Angalia ni nani anapokea kitu mkononi mwake. Watu waliacha kumwazima Bibi Foibe chumvi. Mbegu zake za maharage, zilizokuwa zikigombaniwa, zilimdodea. Tulipofika na Dokta kumwomba damu ya nguruwe, alitukaribisha maziwa ya mgando, akatutazama kama tutakunywa. Nilikunywa yangu na ya Dokta.

"Ninyi wenye vyombo," alisema, "mtaniambia kwa nini amepona huyu tu?"

"Tutajaribu, bibi," alisema Dokta.

"Msijaribu. Mniambie. Mimi nataka nikifa nizikwe na watu."

Nimekulia kijiji hicho hicho, namfahamu tangu aliponifundisha kuimba sauti ya pili, na nilijua hatanii. Tangu hapo kwangu ile haikuwa kazi ya jeni tu.

Damu tuliyochukua siku ile iliharibika. Umeme ulikatika, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamesafiri na gari kwenda semina ya matumizi bora ya mafuta. Virusi punda wenyewe walikuwa bado hawajafika. Tukarudi kwa Bibi Foibe kuomba tena, tukakuta mambo yamebadilika. Shukrani alikuwa amepimwa mara mbili na kuonekana hana kirusi tena, karantini imefunguliwa, naye bibi amemwekea nadhiri: atatolewa kanisani Jumapili ya mavuno, kijiji kizima kione kwamba nguruwe huyu ni wa Mungu, wala si wa wale wanaosemwa.

"Basi tutoe damu leo, bibi, kabla ya Jumapili," nilimsihi.

"Mwe! Mwanangu, umesoma Biblia gani? Sadaka inatolewa ikiwa haina ila, wewe unataka kuitoboa? Akishanunuliwa, mwombeni huyo atakayekuwa naye."

Kwa hiyo ilikuwa ni lazima tumnunue sisi. Nguruwe akienda buchani, jibu la Bibi Foibe lingeenda naye, likiwa limekaangwa na ndizi.

Wiki hiyo hiyo sanduku letu lilifika. Lilitoka maabara ya wenzetu huko kusini, likapita Nakonde upande wa Zambia, likakwama Tunduma kwenye banda la wakala wa forodha aitwaye Lazaro. Tulikwenda mimi na Dokta, tukapenya katikati ya malori na wabadilisha fedha, tukamkuta Lazaro na simu mbili masikioni. "Mulishani mukwai... natotela mukwai," alimaliza moja, kwa salamu na asante za Kibemba, akanigeukia.

"Madam, tuelewane. Mzigo wako umeandikwa virusi. Mimi hapa nina mifugo, vyakula, mashine na mengineyo. Hawa virusi wenu wako hai au wamekufa? Wakiwa hai ni mifugo, watafute kibali. Wakiwa wamekufa ni nyama."

Ningejibu mimi tungetoka mapema. Akajibu Dokta. "Kisayansi, kirusi si kiumbe hai kamili. Lakini pia huwezi kusema kimekufa."

Lazaro aliweka simu zote mbili mezani. "Dokta, nyuma yako kuna lori la shaba linanisubiri. Kitu ambacho hakiko hai na hakijafa, hicho si cha forodha. Hicho ni cha mchungaji."

"Ni vifaa vya maabara, kaka," niliingilia. "Kama vile chupa na mirija. Havizai."

"Havizai kabisa?"

"Vimehasiwa."

"Si mngesema!" Akagonga muhuri. Barafu kavu iliyobaki ndani ya sanduku ilikuwa ndogo kama ugoro kiganjani, ila virusi punda walikuwa salama, nami nilimshukuru Mungu hapo hapo barabarani.

Dokta akataka tusherehekee na kitimoto. Tukakaa kwenye banda la Sichone, mchinjaji mashuhuri wa pale, mtu mchangamfu anayekuhudumia huku anakupa habari zake zote. "Jumapili sipo," alituambia akitupangia vipande. "Nakwenda Igamba, mnada wa mavuno. Kuna jike la nadhiri, nasikia limenona, lina baka jichoni." Kipande cha Dokta kilimkaa kooni, ikabidi nimpige mgongoni.

Kwa mgeni wa minada yetu ya kanisani, nieleze kidogo. Ibada ikiisha, sadaka za mavuno hunadiwa nje: mahindi, kahawa, kuku, maboga. Lakini ukinunua kuku si lazima uondoke naye. Ukiwa umeguswa moyoni unasema, "Namrudisha kwa Bwana." Vigelegele vinapigwa, kuku ananadiwa upya. Nimeshuhudia jogoo akinunuliwa na ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka yeye mwenyewe akasinzia.

Maabara tulikuwa tumechangishana, hata Mzee Silwimba ambaye alidai hajawahi kununua nguruwe ambaye haendi kumla. Tulimpa Dokta fungu lote kwa sababu ndiye mwenye suti. Bibi Foibe alimleta Shukrani kwa kamba, ameogeshwa, ana utepe mwekundu shingoni. Mchungaji akataja bei ya kuanzia, akangoja. Watu waliokuwa wakigombania maboga dakika moja nyuma wote walipata la kutazama chini. Mama Sikitu alitazama mbele, amefunga mikono.

Dokta akanyoosha mkono. Sichone naye akanyoosha. Wakapandishana pale, Igamba nzima ikigeuza shingo huku na huku, mpaka Sichone akatikisa kichwa na kuachia. Tumeshinda! Nilimkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui.

"Dokta Kibona!" mchungaji alipaza sauti. "Mtoto wa mzee wa kanisa kule Ileje! Bwana amekutendea mema. Unasemaje, mtumishi?"

Kwaya ikapachika pambio. Niliona miguu ya Dokta inaanza kuyumba na pambio, kushoto, kulia. Nilimpungia. Nilikohoa. Mzee Silwimba alipiga mluzi, uwanjani pa kanisa. Dokta alikuwa ameshafumba macho.

"Kwa moyo mkunjufu," alisema, "namrudisha kwa Bwana!"

Vigelegele vikapasua anga. Alipofumbua macho akaniona, na hapo ndipo alipokisikia alichosema. Nimeona mengi maabara, nimeona friji la sampuli za mwaka mzima likiyeyuka, lakini sura kama ile sijaiona tena. Alikuwa amelisema alivyozoea kulisema tangu utotoni, na fungu letu lilikuwa tayari ndani ya kapu la sadaka.

Mnada wa pili ulikuwa mfupi. Sichone alinyoosha mkono peke yake, akampata. "Kesho mchana, Tunduma, karibuni wote," alitangaza huku anavuta kamba. Bibi Foibe alirudi mstarini kwenye kwaya yake bila kutazama mtu. Nikaona Mama Sikitu akimfuata Sichone, akamwinamia sikioni. Alichomwambia nilikuja kukijua kwa Sichone mwenyewe: "Kaka, huyo unayemkokota, kijiji kizima nguruwe walikufa, yeye akabaki. Wewe mpeleke tu kwa wateja wako." Alitaka kumharibia Bibi Foibe mpaka Tunduma.

Sichone aliitazama kamba. Alimtazama Shukrani, naye Shukrani akamtazama kwa lile jicho la baka. Mchinjaji akarudi mbio.

"Mchungaji, nimeguswa!"

"Bwana asifiwe!"

"Nimeguswa sana. Namrudisha." Akaidondosha kamba, akaenda bombani kunawa mikono.

Hapo tena hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi Foibe alitoka mstarini, akaiokota kamba mwenyewe, akasimama nayo mbele ya watu wote. Mchungaji akataja bei, akaishusha, akaishusha tena. Sadaka yake ilikuwa haitakiwi hata na wachinjaji. Nilisikia uchungu ambao sijui niuandikeje. Nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Nikanyoosha mkono, nikaitaja nauli yangu.

"Mama Heri!" mchungaji aliniita kwa jina la mwanangu, akashusha pumzi. "Nawe unasemaje? Unamchukua, au..."

Mpiga kinanda akaweka vidole tayari.

"Sijaguswa, mchungaji," nilisema. "Namchukua."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wamenuna. Nikaenda nikaipokea kamba mkononi mwa Bibi Foibe, polepole, ili kila mtu aone mkono umeingia kwenye mkono. Nauli ikawa imekwenda, lakini Sichone, kwa kuona aibu, alijitolea pikapu yake. "Ila akae nyuma," alisema, "na mimi usiniambie nimshike."

Shukrani akahamia maabara. Tulimjengea banda nyuma ya tangi la maji, akanenepa kwa mapera na maganda ya ndizi. Siku ya kutoa damu alipiga kelele mpaka barabara kuu ikajua sampuli zimechukuliwa, halafu akala pera palepale, amesahau. Tukawa na damu, tukawa na virusi punda. Tulichokosa ni joto.

Mavuno kwetu huja na baridi, na baridi ya Mbozi mnaijua. Seli zinataka joto la mwili, na umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima. Seli za kwanza zilikufa kwenye inkubeta, lile kabati la kuzilelea. Basi nikakumbuka kwangu nina sanduku la kulelea vifaranga, lenye jiko la mkaa chini na blanketi juu. Nikazibeba chupa za seli nyumbani. Tuliziweka ndani ya debe la biskuti na mshumaa unaowaka, tukafunga kifuniko. Mshumaa unapokosa hewa unazimika, na hewa unayoiacha ndiyo seli zinayoipenda. Mishumaa alitupa mchungaji. Aliuliza ni ya ibada gani, nikamwambia ni ya seli, akatoa pakiti nzima bila swali la pili, nadhani kwa kukumbuka pambio. Vifaranga walihamia chumbani kwetu. Mume wangu hajalisamehe hilo hadi leo, na pengine ndiyo maana anaionea blenda.

Kabla hamjaanza kunung'unika: seli zilizokuja kwangu zilikuwa tupu. Virusi punda hawakutoka maabara hata siku moja. Seli zilipopata nguvu zilirudi inkubeta, zikashushiwa mzigo huko, nasi tukazungushia kabati chupa za maji ya moto kila umeme ulipotuaga. Safari hii hazikununa.

Tulihitaji pia damu ya nguruwe ambaye hajawahi kuugua homa, ya kulinganishia. Mama Sikitu alikuwa amenunua nguruwe mpya mwenye afya. Nilimwomba yeye makusudi. Alikubali kwa sharti moja, aje aone kwa macho yake tunaifanyia nini damu yake, asije akasikia imepelekwa kusikojulikana. Nikampangia siku moja na Bibi Foibe, na sikumwambia yeyote kati yao.

Bibi Foibe alikuja na gauni la kwaya. Walipokutana mlangoni, kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kupita, wakabaki nje wote wawili mpaka Mzee Silwimba, aliyekuwa ameshastaafu na siku hiyo amekuja kutusalimia, akawaswaga ndani kama ndama. Chumba cha hadubini tulikuwa tumekitia giza kwa vitenge dirishani. Mama Sikitu alitangulia kuinama kwenye lenzi.

"Sioni kitu. Giza tu."

"Hiyo ndiyo damu ya nguruwe wako, mama," nilisema.

Akainuka, ameudhika. "Kwa hiyo wangu hana kitu?"

"Hajawahi kupigana vita. Hamjui adui."

Nikabadilisha kioo, nikaweka cha Shukrani. Jeni nyingine zote tulizokuwa tumezijaribu zilibaki giza. Hii moja haikubaki. Mama Sikitu aliinama tena, na safari hii hakuinuka upesi. Kulikuwa na seli zimewaka kijani, moja moja, uwanja mzima, kama shamba lenye vimulimuli. Kisha akasogea pembeni, akamshika Bibi Foibe mkono, akamwelekeza kwenye lenzi.

Dokta alianza. "Tuwe waangalifu. Hii inaonyesha mwili wake uliitambua protini hii. Hatujathibitisha kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya..."

"Dokta," nilisema, "subiri kidogo."

Bibi Foibe alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa, mkono bado uko kwa Mama Sikitu. "Hao wanaowaka," aliuliza, "ni wa kwake mwenyewe? Hawakutoka kwa mtu?"

"Ni wa kwake mwenyewe, bibi. Mwili wake ndio uliowatengeneza, alipokuwa anaugua."

Akainuka. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Umeona, Mama Sikitu? Siku zile aliyepigana ni huyu. Mimi usiku nilikuwa nimelala."

Mimi nilitoka nje nikamfungua Shukrani, maana tulikuwa tumeshapata damu ya kutosha, nikamleta mlangoni. Bibi Foibe akarudi nyuma, akisema hawezi kupokea tena alichomtolea Mungu. Nikamwambia nadhiri imelipwa, tena mara tatu, huyu sasa ni wangu kwa nauli yangu, na mimi nampa yeye. Alifikiri, akaona sheria inakaa sawa, akapokea kamba.

Mama Sikitu alikuwa anamtazama nguruwe yule, kuanzia utepe uliofifia mpaka mkia.

"Akizaa," alisema, "unitunzie kitoto kimoja cha kike."

Dokta alifungua mdomo kueleza kwamba kinga ile mama hawaachii watoto kama urithi wa kudumu. Nilimkanyaga mguu, na safari hii nilikuwa na gambuti. Hilo tulimweleza Mama Sikitu siku nyingine, na bado alikitaka kitoto chake.

Bibi Foibe alimgeukia. "Kitoke mkononi mwangu, kiingie zizini kwako? Hutaogopa?"

"Nitakiingiza," alisema Mama Sikitu, "nifunge mlango, nilale. Kama wewe."